Jina la Safu Linaposema Hili na Data Ikasema Lile: Utatuzi wa Matatizo Katika Hifadhidata Kongwe

Hifadhidata nyingi zinazotumika leo katika vyama vya ushirika, hospitali, kampuni za maji na shule, kuanzia Nakuru hadi Busia, hazikuanzia pale zilipo sasa. Baadhi zilianza katika dBase au FoxPro, programu za zamani za hifadhidata, zikahamia Access, kisha zikapandishwa kwenye MySQL au PostgreSQL, na katika kila hatua data ilisafishwa kidogo huku majina ya safu yakiachwa vilevile. Faili za DBF, ambazo dBase na FoxPro zilizitumia, haziruhusu jina la safu lizidi herufi 10. Ndiyo maana anayefungua jedwali la wakulima wa maziwa hivi leo hukutana na `MBRNO`, `TRDT`, `QTY1`, `QTY2`, `AMT`, `FLAG3` na `FAX`, wakati aliyeyabuni majina hayo alikwisha kustaafu bila kuacha maelezo.

Mwongozo huu unafuata dalili, kuanzia zinazopiga kelele hadi zinazonyamaza. Kosa linaloandikwa kwa rangi nyekundu kwenye skrini halina gharama kubwa, kwa sababu linajitaja lenyewe. Linaloumiza ni hoja, yaani ombi la data lililoandikwa kwa SQL, lugha ya hifadhidata, inayokubaliwa na seva bila lalamiko, ikatoa jumla, jumla hiyo ikasomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, na asiwepo aliyetambua kwamba imejumlisha lita na kilo kana kwamba ni kitu kimoja. Mifano nitakayoitoa ni ya chama cha kubuni cha ushirika wa maziwa upande wa Molo, chenye jedwali la wakulima, la mapokezi ya kila asubuhi, la mishahara ya wafanyakazi na la duka la pembejeo.

Kabla ya kugusa chochote

Fanyia kazi nakala, si hifadhidata inayotumiwa na makarani. Nakala hiyo itakuwa na nambari za vitambulisho na za simu za watu, kwa hiyo Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihusu sawasawa na inavyoihusu ile ya asili. Kuibeba kwenye kipakatalishi cha nyumbani bila kuficha sehemu hizo si jambo la kufanywa kwa mazoea. Kisha toa orodha ya safu zote zilizomo:

```
SELECT column_name, table_name, data_type,
       char_length(column_name) AS herufi,
       octet_length(column_name) AS baiti
FROM information_schema.columns
WHERE table_schema = 'public'
ORDER BY column_name, table_name;
```

Katika MySQL, weka jina la hifadhidata yako mahali pa `public`. Nimepanga orodha kwa jina la safu kabla ya jina la jedwali kwa makusudi, kwa sababu hivyo safu zenye jina moja katika majedwali tofauti hukaa pamoja, na unaona papo hapo kwamba `MBRNO`, nambari ya mwanachama, ni namba kamili katika jedwali moja na maandishi katika jingine. Tofauti hiyo pekee hueleza sehemu kubwa ya malalamiko ya wakulima ambao malipo yao hayaonekani: mwanachama 00417 aliyeandikwa kama maandishi si sawa na 417 aliyeandikwa kama namba, na mtu aliyeunganisha majedwali hayo mawili kwa kugeuza namba kuwa maandishi amemwacha nje bila kujua. Safu mbili za mwisho, za idadi ya herufi na idadi ya baiti, zitatumika sasa hivi.

Safu ipo, lakini hifadhidata inakana

PostgreSQL inasema `column "mkulimano" does not exist`, ilhali safu hiyo unaiona kwa macho yako katika orodha. Chanzo cha kawaida ni herufi kubwa na ndogo. PostgreSQL hugeuza kila jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu liwe la herufi ndogo kabla ya kulitafuta, kwa hiyo ukiandika `MkulimaNo`, kinachotafutwa ni `mkulimano`. Ikiwa zana iliyohamisha data kutoka Access iliunda safu kwa kutumia alama za kunukuu, jina lilihifadhiwa pamoja na herufi zake kubwa, na halitapatikana mpaka uandike `"MkulimaNo"` kila mahali. Oracle hufanya kinyume chake, yaani hugeuza majina yawe ya herufi kubwa. MySQL haijali ukubwa wa herufi katika majina ya safu, ingawa majina ya majedwali yake hutegemea mfumo unaoendesha seva, jambo linalowashtua wanaojaribu programu kwenye Windows kisha wakaipeleka kwenye Linux na kukuta kwamba `Wakulima` na `wakulima` ni majedwali mawili.

Ikiwa herufi zinalingana na bado safu inakanwa, tazama idadi ya herufi katika orodha. Safu ya `AMT` inayoonyesha herufi 4 ina nafasi tupu iliyoingia pamoja na kichwa cha lahajedwali la Excel siku data ilipopakiwa. Ikiwa herufi ni 4 lakini baiti ni 5, nafasi hiyo si ya kawaida, bali ni ile isiyovunjika ambayo kurasa za wavuti na Excel hupenda kuiacha, na fanksheni ya kupunguza nafasi haitaiondoa mpaka uitaje yenyewe. Hapa usijaribu kulichapa jina upya kwa kukisia. Nakili jina kutoka katika orodha, ulifunge kwa alama za kunukuu, na ulibadilishe jina hilo mara moja. Huu ni mmoja wa mahali pachache ambapo kubadilisha jina mara moja ni salama, kwa kuwa hakuna karani wala ripoti iliyokuwa ikiandika nafasi hiyo kwa hiari.

Chanzo cha tatu ni kwamba jedwali unalolisoma silo. Katika PostgreSQL, jedwali la `wakulima` linaweza kuwepo katika `public` na jingine la jina hilohilo katika skima nyingine (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata) iliyobaki baada ya uhamisho, na `SHOW search_path` itakuonyesha lipi linafikiwa kwanza.

Hoja ya miaka mingi inakataa baada ya seva kupandishwa toleo

Msaada wa MySQL 5.7 ulikoma Oktoba 2023, na ofisi nyingi zimelazimika kuhamia toleo la 8.0. Toleo hilo liliongeza maneno yaliyotengwa, yaani yale ambayo SQL imejiwekea kwa matumizi yake, yakiwemo `rank`, `groups` na `system`, kwa hiyo jedwali lenye safu ya `rank` ya kuorodhesha wakulima kwa wingi wa maziwa sasa linatoa kosa la sarufi ya SQL. Kinachowachanganya watu ni kwamba baadhi ya hoja zinaendelea kufanya kazi na nyingine zinakataa, na huanza kulaumu seva. Sababu ni kwamba neno lililotengwa likija baada ya nukta huchukuliwa kuwa jina: `m.rank` hupita, `rank` peke yake hukataa. Ukiwa na hoja mia moja za kurekebisha, kutanguliza jina fupi la jedwali mbele ya safu kunasomeka vizuri kuliko kuifunga kila safu kwa alama za MySQL za kufungia majina (backtick), na hoja zako zitaendelea kufanya kazi siku utakapohamia mfumo mwingine.

Kila mstari unatoa neno lilelile

Ripoti ya malipo inapaswa kuonyesha karani aliyeidhinisha kila malipo, lakini kila mstari unasema `programu` au `postgres`. Hiyo ni safu iliyoitwa `user`. Katika PostgreSQL, `SELECT user FROM malipo` haisomi safu yoyote. Inarudisha jina la akaunti iliyoingia kwenye hifadhidata wakati huo, mara nyingi kama mistari ilivyo. Hakuna kosa linalotolewa. Andika `malipo.user` au `"user"` na majina ya makarani yatatokea.

MySQL ina mtego wake unaofanana na huo. Isipokuwa umewasha hali ya `ANSI_QUOTES`, alama mbili za kunukuu humaanisha maandishi na si jina la safu, kwa hiyo `SELECT "order"` inarudisha neno lenyewe katika kila mstari. Hilo huonekana upesi. Lisiloonekana ni pale alama hizo zinapokuwa katika sharti. `WHERE "status" = 'A'` inalinganisha maandishi mawili yasiyofanana, kwa hiyo haitoi hata mstari mmoja, na mtu anahitimisha kwamba hakuna wanachama hai. Mbaya zaidi ni `WHERE "kiasi" = 0`: MySQL inageuza neno `kiasi` liwe namba, inapata sifuri, na sharti linakuwa kweli kwa mistari yote. Katika `SELECT` utaona onyo tu, tena ikiwa programu yako ina tabia ya kuonyesha maonyo.

Mistari imepungua, imeongezeka, au jina la mtu limegeuka la mwingine

Hapa majina mabaya hayana maana ya majina yasiyoeleweka, bali ya majina ya jumla mno. Safu zinazoitwa `status`, `jina`, `tarehe` na `id` huwemo katika kila jedwali, na kila moja humaanisha jambo tofauti.

Ikiwa mtangulizi wako alitumia `NATURAL JOIN`, hifadhidata huunganisha majedwali kwa kila safu yenye jina la pamoja. Wakulima na mapokezi waliunganishwa vizuri kwa `MBRNO` kwa miaka, mpaka siku mtu alipoongeza safu ya `status` katika jedwali la mapokezi, na tangu siku hiyo mistari inayobaki ni ile ambayo hali ya mkulima na hali ya debe la maziwa zimetokea kuwa na herufi moja. Ripoti ikipungua ghafla bila hoja kuguswa, tafuta neno `NATURAL` kwanza, na uliondoe popote ulikutapo. Sioni sababu ya kulitumia katika msimbo unaotarajiwa kuishi zaidi ya wiki moja.

Ikiwa idadi ya mistari ni sahihi lakini jina la mkulima linaonekana kuwa la karani aliyepokea maziwa, tazama jinsi programu inavyosoma matokeo. `SELECT w.*, k.*` huleta safu mbili zinazoitwa `jina`. Hifadhidata yenyewe haina shida na hilo, lakini PHP inapoweka mstari katika orodha ya jozi za jina na thamani, au Python inapouweka katika kamusi, thamani ya pili huifuta ya kwanza. Dawa ni kutaja safu moja moja na kuzipa majina ya kutofautisha: `w.jina AS jina_mkulima, k.jina AS jina_karani`.

Sasa lipo tatizo ambalo ningemwomba kila anayeingia katika hifadhidata ya aina hii alisome mara mbili. Tuseme chama kimepata orodha ya wakulima waliohama, na unataka kuondoa makato yao yaliyobaki:

```
DELETE FROM makato
WHERE mbrno IN (SELECT mbrno FROM waliohama);
```

Jedwali la `waliohama` lilipakiwa kutoka lahajedwali la ofisi, na ndani yake nambari ya mwanachama inaitwa `member_no`. Ungetarajia hifadhidata ikatae kwa kuwa `waliohama` haina safu ya `mbrno`. Haikatai. Kanuni za SQL zinaruhusu hoja ya ndani kutumia safu za hoja ya nje, kwa hiyo `mbrno` ya ndani inasomwa kuwa ile ya `makato`, kila mstari unalinganishwa na nafsi yake, na alimradi `waliohama` ina angalau mstari mmoja, makato ya wakulima wote yanafutika, isipokuwa yale yasiyo na nambari kabisa. Ukiiendesha hoja ya ndani peke yake, kosa linajitokeza mara moja. Ukiandika `SELECT h.mbrno FROM waliohama h`, linajitokeza pia. Kutanguliza jina fupi la jedwali mbele ya kila safu, hata pale inapoonekana ni kuandika kupita kiasi, ndiyo kinga ya pekee ya kudumu dhidi ya kosa hili, na linapatikana katika PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server kwa namna ileile.

Safu mbili zimekatwa majina zikakaribia kufanana

Wanaoshughulika na ramani katika ofisi za kaunti wanaijua dalili hii. Faili ya ramani ya aina ya shapefile hubeba maelezo yake katika DBF, kwa hiyo kile kikomo cha herufi 10 kingali hai. Safu za `population_2009` na `population_2019`, za sensa mbili za Kenya, zikihifadhiwa humo kwa zana ya ramani kama QGIS zinatoka zikiwa `population` na `populati_1`, na baada ya hapo hakuna jina linalokwambia mwaka. Linganisha na takwimu zilizochapishwa za eneo unalolifahamu, kisha uhamie GeoPackage, aina nyingine ya faili ya ramani, ambayo haina kikomo hicho. Katika PostgreSQL kikomo ni baiti 63, na majina marefu yanayotoka katika dodoso zenye maswali ndani ya maswali hukatwa hapo. Majina mawili yakikatwa yakawa sawa, jedwali halitaundwa, na angalau hilo linakuja na ujumbe wa kosa.

Hoja ni sahihi, jumla si sahihi

Tumefika penye kazi yenyewe. Hapa hakuna ujumbe wa kosa, na hakuna hila ya SQL itakayokuokoa, kwa sababu tatizo ni kwamba jina la safu lilikuwa kweli siku lilipoandikwa na limeacha kuwa kweli. Watu hawaombi safu mpya wanapohitaji mahali pa kuandika jambo jipya. Huangalia skrini, wakaona kisanduku kisichotumika, wakaanza kukijaza. `FAX` ndiyo mfano ulio dhahiri. M-Pesa ilianza Machi 2007, na fomu ya mwanachama iliyobuniwa kabla ya hapo haikuwa na mahali pa nambari ya malipo ya simu. Ukiona safu ya faksi imejaa thamani za tarakimu 10 zinazoanza na 07 au 01, au za tarakimu 12 zinazoanza na 254, huna faksi hapo. Una nambari ambayo chama hulipia wakulima, na kuifuta kwa sababu siku hizi hakuna anayetumia faksi ni kusimamisha malipo ya mwezi mzima.

Njia ya kuchunguza ni kuacha kusoma jina na kusoma umbo la data kwa kufuata wakati. Chukua safu ya `NHIF` katika jedwali la mishahara:

```
SELECT to_char(mwezi, 'YYYY-MM') AS mwezi,
       min(nhif), max(nhif),
       count(DISTINCT nhif) AS aina,
       round(max(100.0 * nhif / nullif(gross, 0)), 2) AS asilimia
FROM mishahara
GROUP BY 1
ORDER BY 1;
```

Makato ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali nchini Kenya, yalikuwa ya ngazi, na kwa wafanyakazi walioajiriwa ngazi ya juu kabisa ilikuwa shilingi 1,700. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa utaona thamani ya juu haivuki 1,700 na aina za thamani ni chache. Kuanzia Oktoba 2024, bima ya SHIF iliposhika nafasi yake kwa kiwango cha asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, picha inageuka: aina za thamani zinaongezeka mpaka karibu kila mfanyakazi ana yake, asilimia inatulia kwenye 2.75 isipokuwa kwa wale wachache ambao kima cha chini cha shilingi 300 kinawagusa, na meneja mwenye mshahara unaozidi shilingi 61,818 anavuka ile 1,700. Jina la safu bado ni `NHIF`, kwa sababu aliyerekebisha programu ya mishahara alibadilisha hesabu na maandishi ya kwenye hati ya mshahara, akaacha jedwali. Mtu atakayejumlisha safu hiyo kwa mwaka wote wa 2024 na kuiita michango ya NHIF atakuwa amechanganya mifuko miwili. Katika ripoti, ligawe jina hilo kwa tarehe.

Duka la pembejeo lina mfano wa jamii hiyohiyo. Safu inaitwa `VAT16`, kana kwamba kiwango ni sehemu ya asili ya kodi yenyewe. Kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Desemba 2020, kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya kilishushwa hadi asilimia 14. Ukigawanya kodi kwa bei kabla ya kodi, mwezi kwa mwezi, utajua mambo mawili kwa pamoja: kama safu inahifadhi kodi yenyewe au bei iliyokwisha kujumlishwa kodi, na kama mfumo wa duka ulibadilishwa wakati huo au uliendelea kutoza 16.

Kuhusu `QTY1` na `QTY2`, watu wengi hukisia kwamba ya kwanza ni maziwa ya asubuhi na ya pili ni ya jioni. Huenda ni kweli. Lakini gawanya moja kwa nyingine katika mistari elfu chache kabla ya kukubali. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo uwiano ukitulia kwenye 1.03 mstari baada ya mstari, safu hizo ni maziwa yaleyale yaliyopimwa kwa mizani na kuandikwa pia kwa lita, na kuzijumlisha ni kumlipa mkulima mara mbili kwenye karatasi. Uwiano ukitawanyika, basi habari ya asubuhi na jioni ina mashiko. Vivyo hivyo `AMT`: linganisha na kilo zilizozidishwa kwa bei, kisha na jibu hilo baada ya kutoa makato, na uone ipi inalingana hadi senti.

`DISTRICT` inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Wilaya zilikuwa zikigawanywa mara kwa mara, na serikali za kaunti zilipoanza Machi 2013 makarani wengi walianza kuandika kaunti katika kisanduku kilekile. Ndani ya safu moja utakuta Molo, Nakuru, NAKURU, 32 na 032. Msimbo wa Kaunti ya Nakuru ni 032 na wa Kisumu ni 042, na ile sifuri ya mbele hupotea kila mara data inapopitia Excel. Usijaribu kugeuza yote kuwa kaunti kwa hoja moja. Rekodi za kabla ya 2013 zina haki ya kubaki na wilaya zao, kwa kuwa wilaya ya Nakuru iliyobaki baada ya kugawanywa na kaunti iitwayo Nakuru hazina mipaka ileile.

Na `TRDT`, ikiwa ni maandishi badala ya tarehe, tazama sehemu mbili za kwanza zikiwa mbalimbali. Sehemu ambayo haizidi 12 kamwe ni mwezi. Ikiwa sehemu zote mbili huzidi 12 katika mistari tofauti, kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti zimeandika humo, na itabidi utafute safu nyingine, kama nambari ya stakabadhi inayopanda kwa mfuatano, ili kujua mistari ipi ni ya kompyuta ipi.

Yaliyobaki, ya aina ya `FLAG3`, hayatajibiwa na data peke yake. Nenda kaketi karibu na karani akiwa kazini, umwombe aingize mwanachama mpya katika nakala ya majaribio, na uangalie ni safu ipi inayobadilika kila anapobofya. Usimwulize safu hiyo ina maana gani, kwa sababu hajawahi kuiona. Yeye anajua kisanduku kilichoandikwa «Anapokea kwa SACCO», na kazi yako ni kuunganisha viwili hivyo.

Kurekebisha bila kuvunja

Shauku ya kwanza ya kila mtu ni kubadilisha majina. Ningeanza na maelezo. PostgreSQL na Oracle zina amri ya `COMMENT ON COLUMN`, na MySQL huhifadhi maelezo katika tamko la safu, kwa hiyo ulichogundua kinaweza kukaa ndani ya hifadhidata yenyewe badala ya faili ambayo itapotea pamoja na kipakatalishi chako. Andika humo tarehe, kipimo na ushahidi: `Nambari ya M-Pesa ya malipo, si faksi, imethibitishwa kwa fomu ya mwanachama`.

Kisha jenga mwonekano, yaani hoja iliyohifadhiwa kwa jina lake na inayosomwa kama jedwali:

```
CREATE VIEW mapokezi_safi AS
SELECT p.mbrno AS nambari_mwanachama,
       p.trdt  AS tarehe_mapokezi,
       p.qty1  AS kilo,
       p.qty2  AS lita,
       p.amt   AS malipo_ghafi
FROM mapokezi p;
```

Ripoti zote mpya zisome mwonekano. Programu ya zamani inaendelea kuandika katika jedwali lilelile kwa majina yaleyale, na hakuna anayegombana na mwenzake. Mwonekano mwepesi kama huu hata unakubali kuandikiwa, katika MySQL na katika PostgreSQL kuanzia toleo la 9.3. Katika ofisi nyingi hapa ndipo kazi inapofaa kuishia.

Ikiwa ni lazima jina lenyewe libadilike, fahamu kwamba mifumo haifanani. Katika PostgreSQL, mionekano hufuata safu hata jina likibadilishwa, lakini fanksheni zilizoandikwa kwa PL/pgSQL, lugha ya PostgreSQL ya kuandikia taratibu, hazifuati, na utajua hivyo siku zitakapoitwa. Katika SQL Server, `sp_rename` hubadilisha jina na kuacha taratibu zote zilizohifadhiwa zikitaja la zamani. Katika MySQL ya kabla ya 8.0 hakuna amri ya kubadilisha jina pekee. `CHANGE` hukutaka uandike upya tamko zima la safu, na ukisahau `NOT NULL` au thamani ya msingi, vinaondoka pamoja na jina la kale.

Kwa safu inayosomwa na programu kadhaa, ongeza safu mpya kando ya ya zamani, weka kichochezi (trigger), amri inayojiendesha data inapobadilika, kinachozifanya zilingane, hamisha wasomaji mmoja baada ya mwingine, na utumie `pg_stat_statements`, kiendelezi cha PostgreSQL kinachoorodhesha hoja zilizoendeshwa, au kumbukumbu ya hoja za MySQL kuona nani angali anaitaja ya zamani. Tafuta pia `SELECT *` na `INSERT` isiyotaja safu, kwa kuwa hizo hutegemea mpangilio wa safu na si majina, na mpangilio huo ukibadilika ile `INSERT` hukataa au huweka kilo mahali pa lita.

Usiifute safu ya zamani kumbukumbu zinapokuwa kimya kwa mwezi mmoja. Baadhi ya ripoti huendeshwa mara moja tu kwa mwaka, kama fomu za P9 (muhtasari wa mwaka wa mshahara na kodi) ambazo wafanyakazi huzihitaji kabla ya tarehe 30 Juni. Subiri mzunguko mzima upite, na hata hapo anza kwa kuipa jina la `zzz_amt` badala ya kuifuta: kulirudisha jina ni amri moja, ilhali kurudisha safu iliyofutwa kutakutaka ufungue nakala rudufu na usimamishe mapokezi ya maziwa ukiwa unaitafuta.